Je, Chema Chajiuza? Gari Lililotembea Kidogo na Deni la Ukweli

Wahenga walisema, "Chema chajiuza, kibaya chajitembeza." Methali hii ni miongoni mwa zile tunazofundishwa mapema tunapoanza kusoma Kiswahili, na kwa kawaida tunaitumia bila kuihoji. Maana yake ni kwamba kitu kizuri hakihitaji mpiga debe. Ubora wake unatosha kumleta mnunuzi. Kibaya ndicho huzungushwa mitaani kikitafuta wa kudanganyika.

Insha hii inaipeleka methali hiyo sokoni na kuipima kwa bidhaa moja: gari la spoti lililotumika, ambalo mwenyewe analiita "kama jipya" kwa sababu limetembea kilomita chache. Nimechagua bidhaa hii kwa sababu bei yake imebebwa na namba moja tu kwenye dashibodi, nayo namba hiyo inasimulia mambo ambayo mnunuzi hakuyashuhudia. Maswali ninayojiuliza ni mawili. Kwanza, anayeuza gari kama hilo ana deni gani la ukweli kwa anayenunua? Pili, ambalo kwangu ndilo gumu zaidi: ikiwa muuzaji naye aliuziwa uongo, je, ana haki ya kuupitisha kwa mwingine ili asipate hasara?

Tuanze na hali halisi. Magari mengi tunayoyaona katika barabara za Jinja na Mbale yalitumika kwanza Japani. Hushushwa bandarini Mombasa, hupita mpakani Malaba au Busia, na mengi hufika kwenye yadi za Kampala kabla ya kusambaa nchini. Tangu mwaka 2018, sheria ya Uganda imekataza kuingiza gari lililopita miaka 15 tangu litengenezwe. Kwa hiyo tunaposema gari ni jipya, mara nyingi tunamaanisha kuwa ni jipya kwetu. Limeishi maisha mengine mahali pengine, na sisi tunapokea wasifu wake tu.

Si kila wasifu ni wa uongo. Huko Japani, gari dogo la kawaida likinunuliwa jipya hukaguliwa kwa lazima baada ya miaka mitatu, kisha kila baada ya miaka miwili. Ukaguzi huo na matengenezo yanayoambatana nao hugharimu fedha nyingi, hivyo wapo wanaoona ni afadhali kuuza gari lingali zima. Tena gari la spoti mara nyingi ni la starehe. Lina milango miwili au viti vya nyuma visivyotosha mtu mzima, na mwenyewe huenda kazini kwa treni siku tano, akaliendesha Jumapili. Tufanye hesabu ndogo. Mtu anayetoka Jinja kwenda Mbale na kurudi mara moja kila wiki hutembea takriban kilomita 300 kwa wiki, yaani zaidi ya 15,000 kwa mwaka. Gari la miaka 9 lenye kilomita 31,000 limetembea chini ya 3,500 kwa mwaka. Ni kidogo sana, lakini si muujiza. Huenda ikawa kweli.

Tatizo ni neno hilo "huenda". Mita za zamani zilirudishwa nyuma kwa mkono, na za kisasa hubadilishwa kwa kifaa cha kompyuta kwa muda mfupi. Ushahidi wa kupinga udanganyifu huo upo: gari linalouzwa mnadani Japani huwa na karatasi ya mnada inayoeleza kilomita zake, mikwaruzo yake na kama liliwahi kupata ajali kubwa. Lakini karatasi hiyo imeandikwa kwa Kijapani, na mnunuzi wa pili au wa tatu hapa kwetu mara nyingi haioni kabisa. Anachokiona ni rangi inayong'aa na namba ndogo.

Zaidi ya hayo, hata namba ya kweli inaweza kupotosha. Mwishoni mwa Julai 2022, mito ya Nabuyonga na Namatala ilifurika mjini Mbale na watu wengi walipoteza maisha. Tuchukulie kuna gari lililokuwa limeegeshwa karibu na Nabuyonga usiku ule, likazama hadi kwenye viti. Gari hilo halikutembea hata mita kumi. Mita yake haina kosa lolote, ila nyaya zake zimeanza kuoza. Vilevile gari lililosimama miaka mitano gerejini halikuongeza kilomita, lakini mipira yake imekakamaa na tairi zake zimezeeka. Anayeuza gari kama hilo na kusema, "Tazama mita mwenyewe," hajasema uongo hata neno moja, lakini amedanganya. Kwa hiyo deni la ukweli si deni la namba. Ni deni la kile ambacho mnunuzi anataka kukijua anapoitazama namba: gari hili limechoka kiasi gani?

Hapa ndipo methali yetu inapoanza kuyumba. Mwaka 1970, mwanauchumi wa Marekani George Akerlof alichapisha makala mashuhuri kuhusu soko la magari yaliyotumika, na mwaka 2001 alikuwa mmoja wa watu watatu walioshirikiana Tuzo ya Nobel ya uchumi. Hoja yake ni nyepesi kueleweka. Muuzaji analijua gari lake, mnunuzi halijui. Kwa kuwa mnunuzi hawezi kutofautisha zuri na baya, hukubali kulipa bei ya katikati tu. Bei hiyo ni ndogo mno kwa mwenye gari zuri, basi huliondoa sokoni. Ni kubwa kwa mwenye gari baya, basi hulileta mbio. Mwishowe wabaya huwafukuza wazuri. Kwa maneno mengine, mahali ambapo macho ya mnunuzi hayafiki, chema hakijiuzi. Chema hukaa nyumbani, na kibaya hujitembeza hata kwa mita iliyorudishwa nyuma.

Nichukue mfano ninaoujua kwa karibu. Kaka yangu mkubwa alifanya kazi ya ulinzi nchini Qatar kwa miaka sita. Aliporudi Jinja alijenga nyumba ya vyumba vitatu, akalipa karo za wadogo zake, kisha akasema kilichobaki ni chake mwenyewe. Tangu utotoni alikuwa akisimama kando ya barabara kutazama mashindano ya mbio za magari, na gari alilolitaka lilikuwa moja tu: Subaru Impreza WRX. Alisikia kwamba kuna mfanyabiashara Mbale anayeuza moja, ya miaka tisa, kilomita 31,000. Mwenyewe alilinunua miaka miwili nyuma likiwa na 26,000 na kulitumia kwa nadra.

Kaka hakwenda peke yake. Alimpitia fundi mmoja mzee wa Mbale ambaye watu humwita Hajji tu, na mimi nilikuwepo. Hajji hakuitazama mita kwanza. Alitazama mpira wa pedali ya klachi, ambao ulikuwa umelika hadi chuma kikaanza kuonekana. Alipapasa usukani ulioota mng'ao upande wa kulia. Alisoma tarakimu nne ubavuni mwa tairi, zinazoonyesha wiki na mwaka wa kutengenezwa, akaona kwamba tairi zote nne zilikuwa za miaka mitano baada ya gari lenyewe, nazo zimeshaanza kwisha. Kisha akainama chini ya boneti kwa muda mrefu. Alipoinuka alisema, "Kijana wangu, mita inasema thelathini na moja elfu. Pedali haikubaliani nayo."

Mwenye gari hakukasirika, na hilo ndilo lililonishangaza. Alikaa kimya, akasema, "Hajji, mimi sikugusa kitu. Nililinunua hivyo hivyo. Nililipa bei ya gari la kilomita chache. Nikiuza kwa bei ya gari la kilomita nyingi, hasara hiyo nimkabidhi nani?"

Naamini alisema kweli. Zile kilomita 5,000 alizoendesha yeye zilikuwa halali, zimejengwa tu juu ya msingi wa uongo alioukuta. Ndiyo maana swali lake linastahili kujibiwa kwa uzito. Huyu si tapeli. Ni mtu aliyeibiwa, na sasa anaulizwa kama yuko tayari kuwa wa mwisho kuibiwa.

Swali la namna hii lina umri mrefu. Katika kitabu chake kuhusu wajibu, alichokiandika mwaka 44 kabla ya Kristo, Mrumi Cicero anaeleza mjadala wa wanafalsafa wawili. Mfanyabiashara anafika kisiwa cha Rhodes na shehena ya nafaka wakati watu wana njaa na bei iko juu. Anajua kwamba meli nyingine nyingi za nafaka zinakuja nyuma yake. Je, awaambie? Diogenes wa Babeli alishikilia kwamba muuzaji anapaswa kutaja kasoro ambazo sheria inamtaka azitaje na asiseme uongo. Zaidi ya hapo, kunyamaza si kudanganya. Antipater, mwanafunzi wake, alimpinga: binadamu ni jamii moja, na kumficha mwenzako jambo linalomhusu ili ufaidike wewe ni kuukata uhusiano huo. Cicero mwenyewe aliegemea upande wa Antipater.

Mfanyabiashara wetu wa Mbale angeweza kusimama upande wa Diogenes. Hakuchezea mita. Angeweza kusema, "Gari hilo hapo, mita hiyo hapo, fundi unaye." Wengi wetu tungemwelewa, kwa sababu soko letu lina kauli yake: mnunuzi ajihadhari, asiuziwe mbuzi kwenye gunia. Kuna kweli ndani yake. Mtu mzima mwenye fedha zake hapaswi kuongozwa kama mtoto. Lakini kauli hiyo ina upungufu mkubwa. Inamtwika mzigo yule asiyejua na kumpumzisha yule anayejua. Kujua mambo ya gari kunagharimu: kaka alimlipa Hajji, akalipa nauli, akapoteza siku ya kazi. Mwenye gari angejulisha kwa sentensi moja, bila gharama isipokuwa ile ya bei. Hata sheria haimwachi mnunuzi peke yake. Sheria ya Uganda ya uuzaji wa bidhaa na utoaji wa huduma ya mwaka 2017 inataka bidhaa inayouzwa kwa maelezo ilingane na maelezo hayo. Namba ya kwenye mita, inapotajwa kama sababu ya bei, imekuwa sehemu ya maelezo.

Mbale ina waumini wa dini nyingi. Chuo Kikuu cha Kiislamu nchini Uganda kiko hapo tangu mwaka 1988, makanisa ni mengi, na nje kidogo ya mji wanaishi Abayudaya, jumuiya ya Wayahudi iliyoanzishwa na Semei Kakungulu mwaka 1919. Katika suala hili wote wangeafikiana. Qurani ina sura nzima iliyopewa jina la wapunjao vipimo, na Torati inaamuru mizani ya haki. Nadhani mita ya gari ni mizani ya zama zetu. Mpunjaji wa kale alipunguza kile alichotoa. Wa leo anapunguza kile kilichokwisha kutumika. Dhambi ni ileile. Ila mafundisho haya humlenga hasa aliyeiharibu mizani. Yanamwambia nini mtu aliyeirithi ikiwa imeharibika?

Jibu langu ni hili. Kabla Hajji hajainama chini ya boneti, mwenye gari alikuwa amebeba uongo bila kujua, na hatuwezi kumlaumu. Baada ya Hajji kuinuka, hali ilibadilika. Tangu dakika ile, kuitaja namba ya 31,000 kwa mnunuzi mwingine kungekuwa tendo lake mwenyewe. Fikiria noti bandia. Ukiipokea bila kujua, wewe ni mhanga. Ukigundua kisha ukampa muuza ndizi usiku ili usipate hasara, umekuwa mshirika wa aliyeichapa, ingawa hukuwahi kumwona. Kuibiwa hakumpi mtu leseni ya kuiba. Kunampa haki ya kumdai aliyemwibia, na haki hiyo haielekei mbele kwa asiye na hatia. Inaelekea nyuma.

Najua jibu hili ni gumu, kwa sababu nyuma huko mara nyingi hakuna wa kumdai. Aliyerudisha mita anaweza kuwa ng'ambo, au yadini, au mmiliki yeyote katikati. Hasara inabaki kwa mtu mmoja mwema, eti kwa sababu tu yeye ndiye aliyefikiwa na ukweli. Je, hiyo ni haki? Hapana, si haki kamili. Lakini tuulize njia mbadala inafanya nini. Ikiwa kila anayegundua anapitisha, hasara haipotei. Inasafiri tu, na husimama kwa yule asiye na fundi, asiyesoma, asiye na wa kumpitia. Maadili ya kupitisha mzigo humalizikia kwa aliye dhaifu kuliko wote.

Tena mzigo wenyewe si wa fedha tu. Hilo ndilo Diogenes hakuliona kwenye nafaka, maana nafaka ya bei kubwa haimgongi mpita njia. Gari la spoti limetengenezwa kwa ajili ya mwendo. Injini ya Subaru ya aina ile ina mkanda wa taimingi unaopaswa kubadilishwa kwa kufuata kilomita na miaka. Mwenye kuamini kwamba limetembea 31,000 hataubadilisha. Ataamini breki, ataamini viungo vya usukani, kisha atashuka na barabara ya Tirinyi, iliyonyooka, akikatiza bwawa la Mpologoma. Kwenye barabara hiyo kuna bodaboda waliobeba watu wawili na gunia, na kuna watoto wanaotoka shule Namutumba na Budaka. Hao hawakupatana bei na mtu. Hawakuiona mita. Hata hivyo maisha yao yamo ndani ya mapatano yale. Kwa hiyo hoja kwamba biashara ni siri ya watu wawili haisimami. Kila uuzaji wa gari una mtu wa tatu, naye yuko barabarani.

Nimemsema sana muuzaji. Mnunuzi naye ana sehemu yake. Kwa nini mita hurudishwa nyuma? Kwa sababu sisi wanunuzi tunaipenda namba ndogo kuliko tunavyoupenda ukweli. Leta magari mawili: moja la kilomita 120,000 lenye kumbukumbu zote za matengenezo, na jingine la 31,000 lisilo na karatasi hata moja. Wengi wetu tutalikimbilia la pili, na wa kwanza atajifunza kwamba uaminifu wake umemkosesha mteja. Tunataka kuambiwa "kama jipya", na soko linatuambia tunachotaka kusikia. Nadhani kuna sababu ya ndani zaidi. Namba ndogo inatuahidi kwamba tunaweza kupata kitu bila historia, kana kwamba hakuna aliyekigusa kabla yetu. Lakini kila kilichotumika kina historia. Kuikataa ni kuomba kudanganywa kwa adabu.

Mnunuzi ana jaribu jingine pia, na hili nililishuhudia. Baada ya maneno ya Hajji, mwenye gari alikubali kushusha bei kwa kiasi kikubwa. Rafiki mmoja tuliyekuwa naye alimnong'oneza kaka, "Chukua. Mita haijabadilika. Ukifika Jinja uza kwa bei ya thelathini na moja elfu." Ukweli uliokuwa umetajwa kwa sauti ungeweza kuzikwa tena kabla ya kuvuka Mto Nile. Hapo niliona kwamba ukweli wa mdomo hautoshi. Lazima usafiri pamoja na gari.

Kaka alilinunua, kwa bei ya chini. Lakini kwenye hati ya mauziano aliomba iongezwe sentensi moja: kwamba kilomita zinazoonekana kwenye mita si za kuaminika. Wote wawili wakatia saini, na Hajji akawa shahidi. Baadaye nilisoma kwamba Marekani iliweka jambo kama hilo kwenye sheria tangu mwaka 1972: anayeuza gari hutamka kwa maandishi kilomita zake, na akijua kuwa namba si ya kweli, lazima aandike hivyo. Sisi tunaweza kuanza bila kusubiri Bunge. Kinachohitajika ni kalamu, na muuzaji aliye tayari kupoteza kitu.

Nisitie chumvi. Mwenye gari wa Mbale alipata hasara ambayo hakuistahili, na sentensi ile haikumrudishia shilingi hata moja. Kaka naye anayo karatasi ambayo siku moja itampunguzia bei, na hakuna mtu atakayemwona akiichana. Uadilifu wake bado haujapimwa kikamilifu. Utapimwa siku atakapokuwa yeye ndiye anayeuza.

Kwa kuhitimisha, methali yetu si ya uongo, ila ina sharti ambalo halikutajwa. Chema chajiuza mahali ambapo mnunuzi anaweza kukiona chema: embe sokoni, kitambaa mkononi, mbuzi aliye nje ya gunia. Kwa vitu ambavyo thamani yake imefichika katika historia yavyo, chema hakijiuzi. Kinahitaji mtu wa kukishuhudia, na anayekifahamu kuliko wote ni anayekiuza. Ndiyo maana deni la ukweli linamwangukia yeye, hata pale ambapo uongo haukuanzia kwake. Na sisi wanunuzi tuna deni letu pia: kumlipa anayesema kweli vizuri kiasi cha kutomfanya ajute.